Ufunguo wa Nyumba Zote za Mtoni

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ilikuwa Alhamisi, na kosa langu la siku ile lilikuwa mstari mmoja tu ubaoni. Nakuhadithia kwa sababu Jumamosi ulipokuja hapa kwangu Chanika na makala yako ya aljebra, uliniambia kwamba Baraka anakuchelewesha. Mwaka mzima mmefanya kazi pamoja, na sasa yeye kang'ang'ania ukurasa wa sita. Nimeusoma ukurasa wa sita. Kaa kitako unisikilize.

Nilikuwa na shoga yangu, Zubeda. Mie mtoto wa karani aliyehamia Dar kutoka bara, yeye mzaliwa wa Mtoni, na baba na babu yake wa hapo hapo. Tulisoma hesabu chuo kikuu, wasichana wawili tu katika darasa letu. Tulipofika shahada ya pili tukashika tatizo moja lililokaa kati ya aljebra na mantiki, tukalifanya letu. Kwao uani kulikuwa na ukuta mtupu. Tulivunja betri kuukuu za redio, tukasaga mkaa wake, tukachanganya na majani ya muhogo yaliyotwangwa, tukaupaka ukuta mpaka ukawa ubao. Mama yake alinuna siku mbili, kisha akaanza mwenyewe kututolea vigoda.

Tulikuwa na sheria yetu. Mmoja anaandika, mwingine anakaa na kuuliza kwa nini. Anayeandika haruhusiwi kwenda mstari unaofuata mpaka aliyekaa aridhike na kusema, "Haya." Mie nilikuwa mwepesi wa kuandika na mwepesi wa kusema haya. Zubeda alikuwa bahili wa neno hilo kupita kiasi. Angeweza kukushikilia kwenye mstari mmoja tangu chai ya asubuhi mpaka wali unaiva.

"Nyie watoto," mama yake alikuwa akisema akipita na ungo wake, "kila siku kwa nini, kwa nini. Hilo jibu halipatikani tu?"

Tukicheka, mwanangu, tunacheka mpaka chaki inadondoka. Nimeona kumbi kubwa za ng'ambo, zenye mbao zinazopanda na kushuka kwa kamba. Ningezitoa zote nirudishiwe asubuhi moja kwenye ukuta ule, chaki mkononi, na Zubeda nyuma yangu akiniudhi.

Sasa, mstari wenyewe. Tulikuwa na vitu ambavyo idadi yake haina mwisho, na tulishaonyesha kwamba kila kimoja kina kikomo chake, kiwango ambacho hakikipiti. Mie nikaandika chini yake kwamba basi vyote vina kikomo kimoja.

"Kwa nini?" akauliza Zubeda.

"Ni wazi."

"Wazi kwa nani, Tumaini? Kila nyumba hapa Mtoni ina ufunguo wake. Sasa upo ufunguo mmoja unaofungua nyumba zote za Mtoni?"

Nilikasirika, maana ilikuwa Jumanne na semina yetu ya idara ilikuwa Alhamisi. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda nje kusomea shahada ya tatu, ya udaktari, na kila mtu alijua profesa wetu atachagua baada ya semina hiyo. Zubeda akasema tumwombe profesa wiki moja. Nikamwambia yeye ni mzito, na kwamba uzito wake utatuangusha wote wawili. Nikaandika yale maneno tunayoyapenda sana sisi watu wa hesabu tukiwa hatuna hoja: ni wazi kwamba. Nikashuka mstari bila kuambiwa haya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuupake ukuta ule.

Alhamisi nikasimama nikawasilisha mie, kwa kuwa nilikuwa na maneno. Nikapita mstari ule haraka, lakini profesa akanyoosha kidole.

"Rudi nyuma. Huu hapa. Kwa nini?"

Nikatazama ubao. Nilijua jibu, maana nilishapewa juzi yake uani, na mfano wa funguo juu. Nilichotakiwa kusema ni kwamba mstari hauna hoja, na kwamba mwenzangu aliliona hilo nikampuuza. Badala yake nikajifanya nausoma mstari upya.

"Mstari huu ni wa nani?" profesa akauliza.

Zubeda alikuwa amekaa mbele. Alinitazama, akaningoja nafikiri hesabu ya kumi, kisha akasimama.

"Ni wetu sote, Profesa."

Profesa alimwona mmoja aliyewasilisha vizuri na mmoja aliyesimama kukiri, akaunganisha mwenyewe kwamba kosa ni la huyo aliyekiri. Akamweleza Zubeda, mbele ya idara nzima, tofauti ya kila kimoja kuwa na chake na vyote kuwa na kimoja. Alimweleza polepole, kama mtoto. Zubeda akaitikia, "Ndiyo, Profesa," mpaka mwisho. Mie nilikuwa nafuta vumbi la chaki kwenye sketi yangu. Nafasi nikapata mie.

Nilipokwenda Mtoni kuaga, alinipokea vizuri tu, akanitengea chai. Mstari wangu ulikuwa bado ukutani.

"Kosa halikuniuma, shoga," akaniambia. "Kosa tungelirekebisha wiki ile ile. Mbona hukusema tu?"

Nikanywa chai, nikaondoka.

Huko nje niliusahihisha mstari ule. Ulihitaji sharti moja tu la nyongeza, na lilinichukua miezi, peke yangu. Siku nilipomaliza, niligeuka nyuma kama nilivyozoea. Kulikuwa na kiti na koti langu juu yake. Nililia, mwanangu, mtu mzima na shahada zangu.

Nikarudi nchini. Zubeda alikuwa anafundisha hesabu sekondari, anaishi Kawe. Mji mmoja, mie huku shamba Chanika, yeye kule pwani, na miaka yote hiyo nikawa najiambia nitakwenda mwezi ujao. Ukuta nao ulibomolewa nyumba ilipouzwa. Mwaka jana nikapigiwa simu, ndipo nikafika Kawe, msibani. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu. Mama mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, akaniuliza jina, akanishika mikono yote miwili.

"Kumbe ndiye wewe? Mwalimu alitufundisha mchezo wa kwa nini. Alikuwa akisema ameupata kwa Tumaini, kichwa chepesi kuliko vyote alivyopata kuviona."

Hakuwahi kuwaambia lingine. Nilitamani ardhi inimeze.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na ni fupi. Kwenye ukurasa wa sita umeandika "ni wazi". Si wazi. Huenda ni kweli, mie sijui, na wewe hujui, na Baraka ndiye pekee aliyekuwa muungwana akasema hajui. Anayekuuliza kwa nini hakucheleweshi, anakaa na wewe. Ukikosea, sema nimekosea siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, mbele ya hao hao uliokosea mbele yao. Usiniige mie niliyengoja mpaka nikamkuta mwenzangu amefunikwa sanda. Na jina la Baraka ulilolifuta pale juu ya makala, nimepaona lilipofutwa. Lirudishe.

Mungu akupe akili yenye subira, akupe na mtu wa kukukatalia, na akuwekee mtu huyo miaka mingi. Ulikuja kutaka baraka zangu kabla ya kuituma makala, nami nimekupa. Ila neno la kushuka mstari unaofuata mie sikupi. Nenda leo kwa Baraka, kaa naye kwenye ukurasa wa sita, mpaka yeye ndiye akuambie, "Haya."