Friji la Bibi

Nyumba yetu kwenye shamba la kahawa, nje kidogo ya Karatu, ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha Baba na Mama. Cha pili kilikuwa sebule, stoo, banda la kuku usiku, na mahali petu pa kulala, Bibi na mimi. Humo ndimo Baba alimoingiza friji, mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Tajiri wa shamba alikuwa anarudi kwao, akamwachia Baba, dereva wake wa trekta, friji lake la mafuta ya taa. Lilikuja kwenye trela limefunikwa turubai utadhani bibi harusi. Mlango ulilikataa. Baba aking'oa fremu, majirani wakisukuma, mimi nilikuwa naona chumba chetu kinatoweka.

Fundi aliyeliwasha alionya lisiegemezwe ukutani. Nyuma lilitaka nafasi ya kupumua, upana wa mtu aliyelala ubavu. Baba akapima kwa kamba, akapima tena, akavua kofia. Kitanda cha Bibi hakikuwa na pa kukaa.

"Mama," alimwambia Bibi bila kumtazama, "itabidi ukakae kwa dada kule Mbulu. Lori la Jumamosi lina nafasi."

Mama alimkazia Baba jicho ambalo mimi ningelikimbia. "Yaani kabati linabaki, mama yako anaondoka?"

"Siyo kabati hilo."

Bibi hakubishana. Alikunja shuka zake, akafunga mzigo. "Baridi yote hii ya Karatu," alisema, "na mwanangu kaenda kuleta nyingine." Mimi nililia waziwazi, maana tangu nipate akili sikuwahi kulala bila mgongo wake.

Kitanda kikatolewa nje. Jioni ile Bibi alitandika ngozi yake ya ng'ombe kwenye ule mwanya nyuma ya friji, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Mimi nikalazwa chini ya meza.

Ilikuwa Julai, ukungu wa msitu wa Ngorongoro unashuka mpaka kizingitini. Kila Julai Bibi alikohoa hadi alfajiri. Asubuhi iliyofuata niliamshwa na ukimya, nikaogopa. Nikatambaa hadi nyuma ya friji. Bibi alikuwa amelala fofofo, blanketi kalisukumia miguuni, puani kijasho.

Nikagusa mabomba ya nyuma. Yalikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Nikazunguka mbele, nikafungua mlango, nikatoa kikombe cha bati alichokiweka Baba jana yake. Maji yalikuwa jiwe. Nilikipindua, hayakumwagika. Nikainama kuchungulia chini: kimwali cha moto wa buluu, kidogo kuliko cha koroboi. Moto ule mmoja ulikuwa unagandisha maji huku, na huku unampasha Bibi joto. Watu waliosoma wamenieleza mara nyingi friji hilo linavyofanya kazi, nami naitikia kwa kichwa, lakini mwili bado unanisisimka.

Nikamwita Baba. Aliweka kiganja kwenye mabomba, akamtazama mama yake, akaweka kiganja tena. Bibi akafumbua macho.

"Lori linaondoka saa ngapi?" aliuliza.

"Limeshaondoka," Baba akajibu, na ilikuwa bado Alhamisi.

Kisha ikaja miaka ya shida, mafuta ya taa yakaadimika. Tulikula gizani, tukitafutana mikono kwenye sahani. Kidogo kilichopatikana Baba alikimimina kwenye tangi la friji. Jirani mmoja alilifungua akitarajia nyama au maziwa, akakuta kikombe cha maji peke yake.

"Sasa bwana, unapoza nini humu?" akacheka.

"Maji," Baba alisema, akapiga magoti kupandisha utambi. Nyuma ya friji Bibi alikuwa amelala.