Magari ya Mbio kwenye Kona ya Isongole

Mwaka magari ya mashindano yalipopangiwa kupita kwetu, nilikuwa kibarua wa barabara, nikiishi peke yangu kwenye kibanda cha mabati juu ya Isongole. Mke wangu alikuwa amefariki masika yaliyotangulia. Wenzangu wa kazi walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa. Mimi sikuona nihamie na nani.

Kona ile niliijua kwa jembe. Ilichongwa zamani, kwa malori yaliyopanda taratibu, na ukingo wake wa nje ulikuwa udongo mtupu juu ya mashamba ya viazi. Nilimweleza mhandisi kwamba magari haya mapya, kwa mwendo wake, yatashindwa kukata pale.

"Ndugu, madereva wanajua kazi yao," alisema. "Wewe shika bendera."

Siku yenyewe kulikuwa na ukungu. Watu walijaa, wote wakasimama ukingo wa nje, ambako wangeona vizuri. Nikawaomba wahame. Wakacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniambia, "Baba, wewe umezoea kukaa na mawe."

Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Nilimshika mkono nikamvusha upande wa mlimani, na wengine wakafuata wakinung'unika.

Magari mawili yalipita salama. La tatu tulilisikia kabla ya kuliona. Nilipunga bendera, lakini lilikuwa limeshafika. Likateleza kwa ubavu, likabomoa ukingo pale pale walipokuwa wamesimama, likatumbukia shambani.

Nikateremka mbio. Mwenzake dereva alikuwa ameshikilia bega lililovunjika. Dereva mwenyewe, damu ikimtoka puani, akanikamata shati.

"Nimegonga watu wangapi?"

"Hakuna. Walihama."

Akakaa kwenye tuta la viazi akalia kama mfiwa. Nikakaa karibu naye, bega kwa bega. Tangu mazishi sikuwa nimekaa na mtu namna ile.

Landrova ikaja, ikawapeleka hospitali ya Igogwe. Sikuwaona tena.

Mwaka uliofuata mashindano yalipitishwa njia nyingine. Ulikuwa uamuzi mzuri. Hata mimi ningeshauri hivyo. Lakini asubuhi ya mashindano nilikaa kando ya barabara muda mrefu bila kazi. Alipita bibi mmoja na kuni kichwani. Tukasalimiana kwa Kinyakyusa, akaenda zake.