Waliomwombea Sikudhani

Esteria hakumwomba radhi mtu yeyote kwa kukipenda kile kitabu, na anayetaka kusikia kwamba aliomba, atafute hadithi nyingine.

Kitabu kililetwa na mumewe, Yoramu, alipomaliza mkataba wake katika mashamba ya mkonge huko Tanga. Zilikuwa enzi za Mwingereza, na malori ya manamba yalikuwa yakiwashusha watu Makambako wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Wenzake walishuka na mablanketi, wengine na baiskeli, mmoja hata na gramafoni isiyolia. Yoramu alishuka na kitabu ndani ya shati, akapanda nacho kwa miguu hadi kijijini kwao, upande wa kuelekea Njombe. Yeye mwenyewe hakujua kusoma hata jina lake. Lakini alijua kwamba mkewe, aliyesoma shule ya misheni, amekwisha maliza Agano Jipya, katekisimo na kitabu cha nyimbo, akavirudia, mpaka akawa anasoma maandishi ya kwenye mifuko ya chumvi.

"Nilimwambia mwenye duka anipe kitabu kinene," alisema Yoramu. "Hiki ndicho kilichokuwa kinene."

Zilikuwa habari za Sikudhani, mwanamke wa pwani aliyekaa nyumba moja na dada yake. Kila asubuhi Sikudhani aliamka na matope miguuni, wala hakukumbuka kutoka nje. Na mjini nyumba za majirani zikawa zinaungua moja baada ya nyingine. Dada yake alimnawisha miguu kwa upole mwingi, akamnong'oneza, "Usiogope, sitamwambia mtu." Kadiri dada alivyozidi kuwa mpole, ndivyo nywele za Esteria zilivyozidi kumsimama. Je, ni Sikudhani anayechoma nyumba za watu usingizini? Au kuna mkono mwingine unaompaka matope? Ukurasa wa kwanza aliusoma amesimama, viazi vikiwa jikoni. Vikaungua. Akavila hivyo hivyo, akisoma.

Hofu aliijua tangu utotoni: hofu ya fisi, ya kodi, ya lori linalorudi bila mumewe. Hizo zilimjia bila hodi na kuondoka zikitaka zenyewe. Hii ilikuwa ya kwake. Aliifungua alipotaka, akaifunga alipotaka, na ndani yake moyo ulimwenda mbio kama wa msichana anayekimbia mteremko. Asubuhi alijikuta akiifunua miguu yake mwenyewe kuitazama, kisha akacheka peke yake, na Yoramu akamwangalia kwa jicho la wasiwasi. Hakuwahi kupata raha ya namna ile, na hakuona kwa nini aifiche.

Basi hakuificha. Msimu wa baridi, wanawake walipokwenda kupukuchua mahindi kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, yeye aliketi katikati akasoma kwa sauti, nao wakampukuchulia fungu lake. Walipofika mahali pabaya, mikono yote ilisimama. Mmoja aliapa kwamba dada yake wa kijiji cha Kichiwa akija kumtembelea, hatalala naye chumba kimoja. Bibi Fidelia, mjane mwenye moyo mwepesi kuliko wote, aliyaacha mahindi kabisa akawa anafuta machozi kwa pindo la shuka.

Esteria aliliona kosa lao mapema. Wanawake wale hawakuwahi kusikia kitabu kingine ila cha kanisani, na kwao kilichochapwa ni kilichotokea. Walidhani Sikudhani yu hai, yuko huko pwani, na ananawishwa miguu mpaka leo. Angeweza kuwaambia. Hakuwaambia, kwa sababu hofu yao iliikoleza ya kwake, na utamu ule alikuwa hajashiba.

Jumapili moja, mwinjilisti alipouliza ni nani wa kuombewa, Fidelia akainuka. "Tumwombee Sikudhani," alisema. "Ni mgonjwa wa mawazo, na dada yake hamtakii mema." Kanisa zima likainamisha vichwa. Jumapili iliyofuata wakamwombea tena, na mtu akatoa debe la viazi apelekewe.

Debe hilo ndilo lililozua mambo. Mzee Methusela, mkuu wa wazee wa kanisa, alitaka kujua viazi vitumwe wapi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufuatilia, na hao wanachosha zaidi. Alimuuliza Fidelia, Fidelia akamwelekeza kwa Esteria, na Esteria, ambaye hakuwa na tabia ya kudanganya akiulizwa, akasema, "Hayupo, mzee. Ni hadithi. Kuna mtu aliitunga."

Siku hiyo hiyo Fidelia akasikia. Esteria alimfuata nyumbani kwake, akapiga magoti mlangoni, akamwomba radhi.

"Nimemlilia," alisema Fidelia, bila kumkaribisha ndani. "Nimefunga kula kwa ajili yake. Nawe ulikuwa unanitazama tu."

"Nilikosa, mama."

"Nenda kwako. Sitaki kukuona."

Hilo lilimuuma Esteria kuliko hukumu ya wazee, na hukumu haikuwa ndogo. Jumapili ya Ushirika, mbele ya watu wote, atubu kwamba aliufurahia uongo, na kitabu akilete kichomwe. Akikataa, atazuiwa Meza ya Bwana. Na aliyezuiwa Meza, akifa, hapigiwi kengele.

"Wape tu, Mama Danieli," Yoramu alimsihi. Danieli alikuwa mtoto wao wa kwanza. "Tanga vitabu vimejaa. Nitarudi huko nikuletee kingine."

"Kingekuwa kitabu tu, ningewapa. Wanataka niseme kwamba furaha yangu ilikuwa uchafu."

"Sema, yaishe. Nani atajua?"

"Mimi," alisema Esteria.

Jumapili ikafika, na ukungu ulikuwa mzito hata kengele ilisikika kama iko kijiji cha pili. Esteria aliingia na kitabu chini ya shuka alilojifunga. Kabla ya Ushirika, Mzee Methusela akamwita mbele.

"Mama Danieli, neno lenyewe ni fupi. Sema: niliufurahia uongo, na sasa naichukia furaha ile. Utoe kitabu, kisha uje Mezani na wenzako."

Esteria alikikaza kitabu chini ya shuka. Sauti yake haikutetemeka.

"Mzee, kwa Mama Fidelia nilikosa. Nilinyamaza nilipopaswa kusema. Nimemwomba radhi, hajanisamehe, na ana haki yake. Lakini hilo lingine siwezi. Siichukii furaha ile. Niliipenda, na hata sasa nilivyosimama hapa naipenda. Nikisema naichukia, nitakuwa nimesema uongo mbele ya madhabahu. Na uongo huo hautakuwa wa kitabu. Utakuwa wangu."

Mzee Methusela alimtazama kwa huzuni ya kweli, akasema, "Basi utatoka nje, mama, mpaka siku utakapokuwa tayari."

Esteria akatoka katikati ya mabenchi, kichwa juu, akajiegemeza kwenye ukuta wa nje chini ya dirisha lisilo na kioo. Hapo ndipo alipolia, kwa hasira, si kwa majuto. Ndani alimsikia Mzee Methusela akiendelea.

"Nawe, mama yetu Fidelia, kwako ni jambo la kusahihisha tu. Sema unalitangua ombi lako, maana mtu huyo hayupo."

"Silitangui."

"Mama, hayupo."

"Nimesikia, masikio ninayo. Wewe unasema hayupo. Mimi nimeishi na watu, na najua yuko mwanamke mahali ananawishwa miguu na mtu anayemmaliza. Mungu atajua amfikishie nani. Sala nimekwisha mpa, na mimi sina tabia ya kunyang'anya nilichotoa."

Minong'ono ikazuka, Mzee Methusela akasema maneno ambayo Esteria hakuyasikia vizuri, kisha fimbo ya Fidelia ikasikika ikija mlangoni. Bibi akatoka, akazunguka pembe ya kanisa, akaketi kwenye majani, mbali kidogo na Esteria. Ndani wakaanza wimbo wa Ushirika.

"Bado nimekukasirikia," alisema Fidelia, akitazama mbele.

"Najua, mama."

"Usidhani nimetoka kwa ajili yako."

"Sidhani."

Fidelia akavuta shuka lake, akalikaza mabegani. "Unacho hapo?"

Esteria akakitoa. Zilibaki kurasa chache tu. "Tusiwangoje wenzetu?"

"Wenzetu wana Meza yao leo. Soma."

Esteria akafuta uso, akafungua pale walipokomea, akaanza kusoma kwa sauti. Wimbo ulipokwisha ndani na kanisa likatulia, hakuipunguza sauti.