Shamba la Waliokosea

Mwanangu, umeniambia umepangiwa shule yako ya kwanza huku kwetu Msalala, nami nimefurahi. Lakini kabla hujashika chaki, ngoja nikusimulie siku moja ambayo haijanitoka moyoni, ingawa sipendi kuisimulia.

Nilikuwa mwalimu kijana wa Hisabati katika shule ya msingi jirani na Segese. Shule ilikuwa na shamba la mahindi, na sisi walimu tulilitumia kwa kazi moja tu. Mtoto akichelewa, akapalilie. Akikosa hesabu, akapalilie. Mimi mwenyewe, mtoto wa mkulima wa pamba, nilikuwa nikiwaambia darasani kwamba wasiposoma wataishia kulima. Nilidhani hayo ndiyo malezi.

Ikafika siku ya wazazi. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Nyanzobe, mama mpole asiyependa makelele, alitaka wazazi waone jinsi watoto wao wanavyojua kujieleza. Akamsimamisha Kabula, binti niliyejivunia kuliko wote kwa hesabu, akamwuliza shamba lile la shule ni la nini.

"Ni la waliokosea, mwalimu," Kabula akajibu bila kusita.

Wazazi wengi walicheka. Mama yake hakucheka. Alikuwa ameketi mbele, amekuja moja kwa moja kutoka kwenye majaruba yake ya mpunga, miguu ina matope. Alingoja kicheko kiishe, akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "mimi nalima kila siku. Nimekosa nini?"

Niliinama nikatazama viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimevipiga rangi asubuhi ile kwa ajili ya wageni.

Wazazi walipoondoka, mwalimu mkuu aliniita. Hakunifokea. Alisema kosa ni letu sote, na kwamba tangu kesho yake tutakwenda shambani kufundisha. Nikaenda na darasa langu kwa aibu. Tulipima eneo la shamba, tukakadiria mbegu. Mwalimu wa Kiswahili akawapa insha kuhusu mvua zilizochelewa. Wa Sayansi akawaeleza kwa nini maji yenye zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huoshea dhahabu, hayafai kumwagwa kijitoni. Watoto wakaanza kuuliza maswali yaliyonishinda, nami nikawa nakwenda kuwauliza wazazi wao.

Natamani ningekwambia kwamba yote yaliishia vizuri. Lakini Kabula alikuwa amekwisha kunisikiliza miaka mingi. Alipomaliza shule hakutaka hata kuyaona majaruba. Alikwenda Isaka kuwapikia madereva wa malori. Simlaumu, ni kazi halali. Ila mama yake alipoishiwa nguvu, na hakuna mtoto wa kulima, aliwakodisha waosha dhahabu yale majaruba. Wakamwaga pale mchanga wao wenye zebaki, wakahamia kwingine. Mpunga haujaota tena.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kiti, akanipikia ugali. Siku ile ya wazazi hakuitaja kabisa. Ni afadhali angenitukana, mwanangu.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Usimpe mtoto jembe kwa sababu amekosa. Somo lolote utakalopewa, liwe Hisabati, Historia au hata kuimba, lifikishe kwenye udongo na maji anayoishi nayo, kwa maana wenye kuvitunza ni hao hao ulio nao darasani. Usimwachie mwalimu mmoja kazi hiyo. Na mtoto akitaka kuondoka kijijini, mwache aondoke, lakini asiondoke akiionea haya kazi iliyomlea.

Nenda salama. Mungu akupe watoto wenye maswali mengi, mvua ya kutosha, na akuepushe na aibu ambayo nimeishi nayo mimi.