Bata Mzinga wa Kilo Sita

Idi Kubwa ya kwanza baada ya mke wangu kufariki ilipokaribia, binti yetu alinipigia simu kutoka Uingereza, anakofanya kazi ya uuguzi. Akaniambia anakuja na mumewe na watoto.

"Nnataka bata mzinga kama wa mama," alisema. "Watoto wanamuulizia."

Hapa Maskati, Sikukuu ikifika, watu hutawanyika kwenda kwenye miji ya wazee wao huko ndani, wakazike nyama ya shuwa shimoni iive kwa makaa, ukoo mzima. Sisi tuliotoka Unguja hatukuwa na shimo la kukutania. Kwa hiyo mke wangu alijiwekea desturi yake mwenyewe: bata mzinga mmoja mkubwa, aliyepakwa thomu, ndimu na bizari, akaliwa na wali wa zabibu. Kupika ilikuwa kazi yake. Yangu ilikuwa kumkata tu.

Nikaenda supamaketi ya mtaani kwetu Amerat nikampata wa kilo sita, kagandishwa, mgumu kama jiwe. Nikamweka juu ya meza ya jikoni ayeyuke. Binti aliponiona kwenye video alipiga kelele.

"Baba, mtoe hapo! Joto hilo la Amerat! Nje atalainika na vijidudu vitazaliana, huku ndani bado barafu."

"Sasa nimweke wapi?"

"Kwenye friji, rafu ya chini kabisa, ndani ya sinia, maji yake yasidondokee vyakula vingine. Muache siku tatu."

Siku tatu hizo nilikuwa nafungua friji bila haja yoyote. Namgusa kifuani kwa kidole, naona bado, nafunga. Nilitandika vitanda vya wajukuu kwa mashuka ya marehemu, yale aliyokuwa akiyafukiza udi. Nyumba ilikuwa imekaa kimya miezi mingi, na sasa kulikuwa na kitu ndani yake kinachosubiri wageni pamoja na mimi.

Siku ya Arafa, mchana, binti akapiga tena. Nilijua kuna jambo kwa namna alivyonisalimia.

"Baba, likizo yangu imefutwa. Wauguzi wenzangu wanaumwa, wodi haina watu. Siji."

Nikafungua friji, nikaifunga. Yeye ndiye aliyeuliza, "Bata je?"

"Keshalainika."

"Basi mchome kesho, Baba. Akishayeyuka, siku mbili tu kwenye friji, asizidi."

"Nimchome nimpe nani?"

Akaanza kulia. Nikamwambia, "Usilie, mwanangu. Ntamchoma."

Asubuhi ya Idi nilikwenda kuswali. Safu zilikuwa chache, na mtaani kwetu magari yote yalikuwa yameondoka. Nikarudi, nikavua kanzu, nikamtoa bata. Binti alikuwa hewani kwenye simu, kwenye mapumziko yake mafupi, na mimi nishafungua bomba.

"Usimuoshe!"

"Nyama nisiioshe? Mama yako alikuwa anaosha mpaka ndimu."

Akacheka, nami nikacheka. "Maji yanarusha uchafu wake sinki zima, Baba. Mfute kwa karatasi, kisha unawe mikono kwa sabuni. Na wali usimtie tumboni, upike mbali."

Nikafanya hivyo. Nikaitenga ngozi na nyama kwa vidole, nikapaka samli na viungo humo ndani, kama nilivyokuwa nikimwona mama yake akifanya. Kabla sijamtia ndani ya oveni binti akaitwa wodini, simu ikakatika.

Nikavuta kiti nikakaa mbele ya kioo cha oveni. Saa za mwanzo nilikuwa sawa. Kisha harufu ikaanza kutoka, thomu na bizari na samli inayoungua kidogo, ikajaa nyumba nzima. Nikainuka nikaenda ukumbini, na kwa mazoea ya miaka yote nikapaza sauti kuelekea jikoni:

"Tayari? Nije nimkate?"

Jikoni hakukuwa na mtu.

Nikachukua simu nikampigia shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, anayekaa Al Khoud, hapa hapa Maskati. Tangu arubaini hatukuwa tumezungumza. Hatukugombana. Nafikiri kila mmoja alikuwa akimkumbusha mwenzake marehemu.

"Watu wako wako wapi?" nilimuuliza.

"Wamekwenda kwa wakwe, Nizwa. Goti langu halitaki safari. Nimekunywa chai na mkate."

"Nna bata mzinga."

"Nakuja," akasema.

Alifika na mkongojo wake nikiwa nachomeka kipimajoto kwenye paja la bata, pale penye nyama nene. Kilipovuka nyuzi sabini na tano nilimtoa, nikamfunika, nikamuacha apumzike kabla ya kumkata. Tukakaa mkekani, sinia katikati. Shemeji akatafuna kwa muda mrefu.

"Yeye angezidisha ndimu," akasema.

Miezi ile yote watu walikuwa wakiniambia Mungu amrehemu, kisha wanabadilisha mazungumzo. Hakuna aliyemtaja kama mtu mwenye mkono wake jikoni.

"Na wewe angekukataza hiyo ngozi," nikamjibu.

Machozi yalimtoka, lakini aliendelea kula, na ngozi akaimaliza.

Hatukuiacha nyama ikae nje. Tuliitoa mifupani ikiwa bado na uvuguvugu, tukaigawa kwenye vibakuli vyenye mifuniko, vyake akachukua. Baada ya alasiri akaondoka. Nikaosha sinia, nikakunja mkeka. Nyumba ikarudi kimya.

Nilikula nyama ile siku zilizofuata peke yangu, nikiipasha mpaka ifuke moshi. Ijumaa shemeji akapiga simu kuuliza kama imebaki.

"Imekwisha," nikamwambia. "Wewe njoo tu."