Mahindi ya Meja

Nilikuwa luteni, afisa wa mawasiliano katika kambi moja nje kidogo ya Sumbawanga. Kazi yangu ilikuwa simu ya upepo: kuhakikisha sauti za askari wetu wa Kasesya mpakani na Kasanga ziwani zinatufikia huku juu hata siku ambazo upepo wa Ufipa unang'oa mabati. Niliipenda kazi hiyo. Mkuu wangu, meja mwenye kitambi na sauti ya kubembeleza, naye aliipenda simu, kwa sababu zake.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipofungulia watu biashara, na yeye akaivamia kama mwenye njaa ya miaka. Kila asubuhi aliniinua kitini, akashika kipaza sauti cha jeshi, akauliza bei ya samaki wa migebuka Kasanga. Kasesya aliulizia sukari.

"Siku hizi ulinzi ni uchumi, Luteni," aliniambia huku akijikuna shingo.

Nilimpigia saluti kwa sababu ya cheo chake. Mwenyewe nilimwona mchuuzi aliyevaa gwanda.

Siku moja ziwa lilichafuka. Sajenti wetu wa Kasanga akaingilia mazungumzo ya bei: boti ya doria imezima injini, ina askari wanne, mawimbi yanaisukumia kwenye miamba.

"Mwambie asubiri, nimalize," alisema meja.

Nilimpokonya kipaza sauti.

"Sajenti, kuna boti gani hapo gatini?"

"Nzima ni moja tu, afande. Ya mkuu. Inapakia mahindi ya kwenda Kongo."

"Shusha magunia, iwafuate. Sasa hivi!"

"Mahindi yangu!" meja alipiga kelele nyuma yangu. "Mvua inanyesha huko!"

Askari wote wanne walirudi nchi kavu wakiwa hai, wakitetemeka. Meja hakuwauliza hali. Alichouliza ni kama magunia yalifunikwa turubai.

Baada ya hapo nilihamishiwa ghala la mablanketi, nikahesabiwa mkorofi.

Meja alipostaafu, kambi ilimfanyia sherehe. Akasimama na kusimulia jinsi alivyotoa boti yake mwenyewe kuokoa vijana wake. Sauti ikamtetemeka, hata machozi akayapata. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mmoja wa wale wanne alikuwa ameketi jirani yangu, mikono yake ikiwa mapajani.

"Afande," aliniuliza polepole, "tutoke?"

Tukatoka, meja akiwa analishwa keki.