Meno ya Zita Careen

Tangu Septemba nyumba ya Zita Careen ilinuka sabuni, na Zita alikuwa amekasirika. Haikuwa hasira ya makelele. Ilikuwa ile ya kufunga kabati kwa nguvu na kuweka birika jikoni kwa kishindo. Mjukuu wake Colette aliiteka meza, kisu kidogo mkononi, rula kando, akachonga sabuni kutwa nzima. Upande mmoja mcheduara, upande wa pili pembetatu, katikati shingo nyembamba ya kuviunganisha. Ndivyo wanavyopimwa wanaotaka kusomea udaktari wa meno: ukiacha maswali ya kemia na baiolojia, mtu hupewa kipande cha sabuni na mchoro, achonge mpaka vifanane. Kikimvunjikia, arudi kwao.

Na vya Colette vilivunjika. Mkono wake ulikuwa mzito. Kila alipofika kwenye ile shingo alikandamiza, sabuni ikakatika, naye akatoa tusi ambalo babu yake Leo, Mungu amrehemu, alilitumia kwa injini ya mashua tu.

"Sabuni ya kuogea hiyo," Zita alisema. "Watu wa Skerry Arm watadhani tuna uchafu usiotoka."

"Mabaki si unafulia, Bibi?"

"Nafulia. Na nguo zangu zinanukia kama za kichanga. Mwanamke wa umri wangu!"

Lakini alinunua nyingine. Yeye ndiye aliyemlea msichana huyo, na hakuna kitu alichokitaka kama kumwona amepita. Kijiji chao, Skerry Arm, kilikuwa kinakufa. Tangu serikali ipige marufuku uvuvi wa chewa, pwani nzima ya kisiwa cha Newfoundland ilikuwa ikifunga virago, vijana wakikimbilia Alberta, mbali kule bara, kwenye visima vya mafuta. Dermot Hynes, mchumba wa Colette, alikwishapata kazi huko. Kilichomzuia Colette kilikuwa mtihani huo tu, Jumamosi moja ya Novemba, mjini St. John's.

Wiki ya mtihani, jioni, Colette aliweka kisu chini akachukua kitabu. Alizoea kusoma kwa sauti ili maneno yamkae kichwani. Zita alikuwa akimenya viazi.

"'Gamba la jino ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, hata mfupa. Meno ya mtu mzima yakitunzwa hudumu maisha yote.'"

Kisu cha Zita kikasimama. "Maisha yote ya nani?"

"Ya mwenye meno, Bibi. Ya nani mwingine?"

"Hata akizaa?"

"Akizaa ndiyo iweje?"

"Si wanasema kila mtoto huondoka na jino la mama yake."

Colette akacheka. "Uzushi huo! Mtoto atapeleka wapi jino la mtu? Zika mtu leo, ufukue baada ya miaka mia, utakuta meno yapo pale pale yanakukenulia."

Zita akarudi kwenye viazi. Kile alichokishika alikimenya mpaka kikabaki kama gololi.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoposwa na Leo. Baba yake, Ambrose, hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo lililomuuma zaidi sasa. Alimpenda. Baba wengine waliwapa binti zao blanketi au jiko. Ambrose aliuza mbuzi na kamba mwenye magando wa msimu mzima, akampa binti yake zawadi ambayo wasichana wengi wa pwani ile walipewa: kung'olewa meno yote, juu na chini, na kutengenezewa ya bandia, ili mume asije akabebeshwa gharama za meno baadaye. Daktari alikuja na meli, akaweka kiti chake kwenye ukumbi wa parokia. Zita alikwenda kwa miguu yake, akiimba. Hakuwa na jino hata moja lililomuuma. Kwa meno yale alikuwa akivunja magando ya kamba. Daktari alimfungua kinywa, akatazama. "Meno mazuri haya," akasema, akachukua koleo.

Majirani walisema ana bahati. Kwenye picha ya harusi amefunga mdomo. Tangu siku ile hakung'ata tufaha. Alilikata kwa kisu vipande vyembamba, akamwambia kila mtu ndivyo anavyolipenda. Jino la pembe si dawa ya pengo, na la plastiki ndiyo kabisa. Lakini alijifariji kwamba yangeoza tu, kwamba watoto wangeondoka nayo. Kwa faraja hiyo aliishi zaidi ya miaka arobaini, na jioni hii kitabu kimemnyang'anya.

Wahenga husema hasira hasara. Ni rahisi kusema hivyo kama aliyekukosea yu hai na unaweza kumwendea mlangoni. Wa Zita walikuwa wote makaburini, pale kilimani, na kama kitabu kilisema kweli, baadhi yao walikuwa na meno yao.

Akabandika viazi motoni.

Alhamisi Dermot alikuja kula chakula cha jioni. Zita alikuwa amepika nyama ya chumvi na kabichi. Mchana ule Colette alikuwa amevunja sabuni yake ya mwisho, macho yalikuwa mekundu.

"Kampuni inanitaka Jumatatu," Dermot alisema. "Kesho napanda feri. Twende wote, Colette. Mtihani upo kila mwaka."

"Ni keshokutwa tu, Dermot."

"Na ukipita? Miaka minne chuoni Halifax, mimi niko Alberta, tunaanza maisha na madeni ya shule yako. Mwanamume atajenga lini? Sitaki tuanze na gharama, ndiyo hivyo tu."

Colette alitazama mikono yake. "Labda ni kweli, Bibi. Mkono wangu wenyewe haufai."

Zita aliweka uma chini. Akatia vidole mdomoni, akatoa meno ya juu, akatoa na ya chini, akayaweka kwenye sahani ya Dermot, kando ya kabichi.

"Yesu na Maria!" Dermot alirudisha kiti nyuma.

"Chukua," Zita alisema. Bila meno maneno yalimtoka yakiwa laini na mabovu, lakini hakuna aliyecheka. "Zawadi ya harusi hiyo. Alinipa baba yangu, ili Leo naye asianze na gharama."

"Bibi, umepatwa na nini?" Colette alisimama. "Si yalikuwa mabovu? Uliniambia yalikuwa mabovu."

"Nilikwambia yalitolewa. Ubovu umeuongeza wewe."

"Yote yalikuwa mazima?"

"Yote. Daktari mwenyewe aliyasifu."

Dermot hakujua atazame wapi. Sahani ilikuwa inamkenulia. "Lakini Bibi Zita, mimi sijamng'oa mtu jino."

"Leo naye hakuning'oa. Alikuja akakuta kazi imekwisha, akashukuru." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Mimi nilikwenda nikiimba, kwa sababu sikujua. Wewe unajua, umesoma. Ukienda ukavunja sabuni mbele yao, rudi, nitakupikia. Lakini ukiacha ili mwanamume aanze maisha mepesi, harusini kwako nitakuja hivi hivi, kinywa wazi, nicheke kwenye kila picha!"

Dermot alichukua kofia yake. Mlangoni alisema atapiga simu akifika, akaondoka.

Zita akaenda bafuni, akarudi na sabuni iliyokuwa haijafunguliwa. "Hii ndiyo ya mwisho humu ndani. Chonga."

Colette alichonga huku machozi yakidondoka. Alipofika kwenye shingo, ikakatika. Akatupa kisu kikagonga ukuta.

"Umekasirika," Zita alisema.

"Nimekasirika, ndiyo!"

"Na nani?"

"Na huyo daktari! Na baba yako! Na Dermot! Na wewe, kwa kukaa kimya miaka yote hii!"

"Vizuri. Sasa nitazamie humo." Zita alimsogezea vile vipande viwili. "Kuna mmoja wetu humo ndani?"

"Hapana."

"Basi sabuni imekukosea nini? Hasira yako itunze, utaihitaji. Ila usiikamulie mahali pasipo na mtu."

Jumamosi walikwenda mjini kwa gari kuukuu la Leo. Zita alibaki garini na chupa ya chai, shali kichwani, watahiniwa wakiingia. Tangu Alhamisi hakuwa ameyarudisha meno. Yalikuwa kwenye leso, mfukoni mwa koti. Alikaa akijiwazia ile shingo nyembamba, na kila aliyepita akamwona kama mtu anayekuja kuivunja.

Colette alitoka pamoja na wengine, unga wa sabuni kwenye mikono ya sweta. Akafungua mlango.

"Je?"

"Kemia ilikuwa mbaya, Bibi."

"Nimekuuliza kemia?"

"Haikuvunjika."

"Hata pembeni?"

"Hata pembeni. Nimeikabidhi nzima."

Zita alitaka kumpongeza, akaigusa ile leso mfukoni. Siku ile ukumbini hakuyalilia meno yake, wala harusini, wala alipomzika Leo.

"Na mimi nilikabidhi mazima," akasema.

Akalia kwa hasira mbele ya watu wote waliokuwa wakitoka, kinywa wazi, bila kukifunika kwa mkono.